Shahidi wa Neno Khabari

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha basi, kiling'olewa zamani na kuegemezwa ukuta wa duka la dobi ninakopiga pasi, hapa Al-Sulimaniyah, Riyadh, upande ambao jua la alasiri halifiki. Ijumaa ile, baada ya sala, tulikuwa tumekaa wanne na birika la kahawa katikati. Absalom, mtu wa Kakamega, dereva wa familia moja ya Al-Naseem, tunamwita Pingamizi kwa sababu hajapata kukubali jambo mara ya kwanza. Salem muuza simu ni Redio; wazee wake walihama Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye akazaliwa Jeddah. Mimi ni Mbarouk, wananiita Taratibu, na sababu mtaisikia. Wa nne ni Saif Birika, aliyekuwa akimimina kahawa kwenye mikutano ya ofisi moja ya serikali, mpaka ofisi ilipomsimamisha, ikachukua simu yake, akafunguliwa mashtaka ya kutoa siri ya dola. Siri yenyewe ni mtaa mmoja wa Jeddah uliopangiwa kubomolewa. Watu wa mtaa walianza kuhama kabla ya tangazo, na ofisi ikataka kujua nani alisema. Jumapili Saif anasimama mbele ya hakimu. Akikutwa na hatia ni jela, kisha ndege ya kwenda kwao na asirudi tena. Mimi ndiye shahidi wake.

— Hebu tuambie tena, Saif, walikupata na nini hasa, alisema Absalom.

— Sauti, alijibu Saif. Mke wangu Amal yuko Jeddah, mie niko hapa. Kila asubuhi ananipelekea sauti kwenye simu: "Khabari za kazi?" Nami namjibu. Basi. Wao wamesikia khabari, na kwao khabari ni taarifa. Wanasema nilikuwa naulizwa taarifa za kazi kila siku, na kila siku nazitoa.

— Ni hiyo kha yenu, alisema Absalom. Watu wa pwani mnaivuta kutoka kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Sisi tungesema "habari" na ingepita kama upepo, hakuna askari angegeuka. Mmejichongea wenyewe.

— Kuna na jengine. Siku moja Amal alisema mandazi yametoka bomba. Mpelelezi akaniuliza, bomba gani? Nikamwambia, la mandazi. Akaniuliza, linapita wapi?

Hatukucheka mara moja. Kwanza tulimtazama Saif tujue kama ruhusa ipo. Mabega yake yalipoanza kutikisika, tukacheka sote, na Absalom akamwagikiwa na kahawa kwenye kanzu ya kazi.

— Sikiza, buda, alisema akijipangusa. Utetezi ni mmoja tu. Unasema hujui Kiarabu. Mafi Kiarabu. Ulikuwa unamimina kahawa kama mfereji unavyomwaga maji, hausikii kitu. Si wahenga walisema mficha uchi hazai?

— Methali hiyo inasema kinyume chake, nikamwambia.

— Pingamizi. Imesema mficha. Huyu anaficha. Inaingia.

— Na bosi wake je? aliuliza Salem. Humwita kwa Kiarabu, humtukana kwa Kiarabu, na Saif huitikia vyote viwili. La. Mie nauza simu, najua haya mambo. Aliyetafsiri zile sauti kwanza ni mashine. Basi mashine ndiyo mshtakiwa, isimamishwe yenyewe kizimbani iulizwe bomba limetoka wapi. Ama Saif asende kabisa Jumapili. Asiyekuwepo na lake halipo. Yeye asipokuwepo, na kosa lake halipo.

— Kafili wake, mwajiri aliyemleta nchi hii, ndiye aliyemdhamini, nikasema. Saif asipokwenda, atakayelala ndani ni kafili.

— Basi kafili atakuwepo na lake litakuwepo. Methali haijakosea popote.

Saif alikuwa akizungusha kikombe kitupu kiganjani. Absalom alimwona, akaacha mzaha, akanigeukia.

— Mzee Taratibu, wewe ndiye tunayekutegemea. Jumapili utasema nini? Sema kama utakavyosema huko. Lakini anza sasa, tusije tukakutwa na magharibi.

Nilitua kikombe changu chini. Mimi sikusoma sana. Nilisoma Kurani, nikasoma kuandika barua, na maneno yangu huja moja moja.

— Nitaapa kwa Mwenyezi Mungu, nikasema. Kisha nitamweleza hakimu siku niliyomzika mke wangu Samia. Tulitoka makaburini, udongo bado uko mikononi. Pale mlangoni mtu akanishika mkono akaniuliza, khabari, sheikh Mbarouk? Nikamjibu, njema. Yeye anajua natoka kuzika. Mimi najua kuwa anajua. Kauliza, nimejibu, na hakuna aliyepata taarifa yoyote. Nitamwambia hakimu: kama siku ile neno hili halikutoa hata msiba, lingetoaje siri ya serikali?

Absalom alivua kofia yake akaishika mapajani.

— Mungu amrehemu mama Samia, alisema.

— Amin.

— Kesi imekwisha, alisema Salem. Halas. Saif, kanunue kilemba cha kwendea nyumbani.

Hapo kijiwe kikapata nguvu, na nguvu ya kijiwe haijui breki.

— Jumapili tunajaza mahakama, alisema Absalom. Mimi naleta madereva wote wa Al-Naseem. Salem analeta ukoo wake mzima kutoka Jeddah. Hakimu anamuuliza wa kwanza, habari? Nzuri. Wa pili, habari? Nzuri. Mmoja ametoka kunyang'anywa leseni, nzuri. Mwingine jino limemuamsha tangu alfajiri, nzuri. Hakimu mwenyewe atachoka, atasema nendeni mkale.

— Wachache hao, alisema Salem. Mie nitamwambia: kama kuuliza khabari ni ujasusi, basi kutoka Lamu mpaka Kongo ni majasusi watupu. Tunafundishwa tangu chekechea. "Habari za asubuhi, mwalimu." Darasa zima, kwa sauti moja.

— Na mwalimu akijibu nzuri, ametoa siri mbele ya watoto wadogo.

— Bado msoma habari wa redio. Yule ndiye mkuu wao. Anakaa mbele ya taifa zima anasema, na sasa ni taarifa ya habari. Hana hata haya.

— Salem, nikasema, hiyo usiitaje mahakamani.

— Kwa nini?

— Hapo habari ni taarifa kweli.

Salem alifikiri kidogo, akasema ni kweli, redio tuiache nje ya kesi. Hata Saif alicheka. Safari hii nikayaona na meno yake, mara ya kwanza tangu wamchukulie simu.

Ndipo alipofika Hana, wakili wa Saif. Alisimamisha gari lake mbele ya dobi, akateremka na kompyuta kifuani. Ni mjukuu wa watu wa Unguja, lakini Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi yake: anajua majina yote ya viungo na matusi machache. Alikuwa hajapata kufika kijiweni. Tulimpisha akakaa, Absalom akammiminia, na sote wanne tukamweleza ushahidi wangu kwa pamoja, huyu akimkata yule.

Alisikiliza mpaka mwisho.

— Ushahidi mzuri, ami Mbarouk, aliniambia. Mwendesha mashtaka hataweza kuucheka. Lakini kuna jambo ataniuliza, na mimi Kiswahili sikijui hivyo. Kama khabari si khabari, mtu akitaka khabari yenyewe, huuliza vipi?

Mimi nilizipitia salamu zetu kimoyomoyo. Hujambo, na jibu lake liko tayari, sijambo. Za siku nyingi, njema. Mambo, poa. Zote zinakuja na kifuniko chake. Nilitafuta moja isiyo nacho, sikuiona.

— Hatuulizi, alisema Absalom mwishowe. Mtu anajibu nzuri kwanza. Ukimwacha, mwenyewe anasema ila.

— Ila?

— Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila nimefutwa kazi. Mjomba wangu alinipigia simu kutoka nyumbani akasema ni nzuri kabisa, hawana neno, ila nyumba imeungua.

Hana aliandika. Kisha akaacha kuandika, akainua macho kwa Saif.

— Ami Saif, katika sauti zako kuna ila?

Saif alitazama mikono yake.

— Ipo moja, alisema.

— Inasemaje?

— "Njema, ila friji ngoja kwanza."

Gari lilipita, likaenda zake. Saif ndiye aliyeendelea, bila kuulizwa.

— Amal anapika mandazi na sambusa, kakodi chumba katika mtaa ule ule wa kubomolewa. Alikuwa anataka kununua friji kubwa. Mie siku ile nilikuwa nimesimama mkutanoni na birika mkononi, wakautaja mtaa. Sikutega sikio. Lilikuja lenyewe. Ningemwacha anunue?

— Alikuuliza kwa nini angoje?

— Hakuuliza. Ananijua.

— Alimwambia mtu?

— Jirani yake alikuwa anataka kutia vigae vipya. Amal akamwambia, na wewe ngoja. Jirani naye ana dada yake mtaa ule ule.

— Pingamizi, alisema Absalom, lakini kwa sauti ndogo. Friji si siri ya serikali.

— Na ngoja si tarehe, alisema Salem.

— Hayo naweza kuyasimamia, alisema Hana. Lakini mwendesha mashtaka ana sauti hizo zote, na shahidi wangu atakuwa amekwisha kuapa. Ami Mbarouk, akikuuliza maana ya ila, utamjibu nini?

Nilitamani swali lile angepewa mtu mwingine. Saif ni mtu aliyenishika bega Samia alipokuwa hospitali, na sikupenda kumtazama. Lakini nimesali safu ya mbele miaka yangu yote, na kiapo ni kiapo.

— Nitasema, nikajibu, kwamba hapo ndipo khabari inapoanzia.

— Mzee, aliniambia Salem, huwezi kusema hujui?

— Najua.

— Unaweza kuumwa Jumapili. Nawe ni mtu mzima, hakuna atakayeshangaa.

— Salem, niache.

Nilisikia mashine za dobi zikizunguka nyuma ya ukuta, nikasoma kimoyomoyo nilichoweza kusoma. Saif alivuta pumzi.

— Sema hivyo hivyo, Mzee Mbarouk, aliniambia. Usinipindishie neno. Na mie nitasema langu. Nilisikia, nikamwambia mke wangu friji ingoje. Mtaa sikuutaja, tarehe sikuitaja, na sikupokea kitu kwa mtu. Kama hilo ni kosa, nitalijibu. La kuambiwa jasusi kwa ajili ya salamu za mke wangu, hilo silikubali.

Hana aliyaandika yote, akayasoma tena kwa Kiarabu chini chini, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyejaribu funguo na mlango ukaitika.

— Hili nitalitetea, alisema. Lile la kwanza lingevunjika kwa swali moja. Nipeni kahawa, tuanze upya.

Absalom aliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Saif akanyoosha mkono akalichukua, akaingia ndani ya dobi kuchemsha jingine.