Cherehani Iliyomsahihisha Mama Saa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kiti kilicho karibu na dirisha katika Kitengo cha Saa za Kazi kitabaki wazi. Mwenye kiti anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Madereva wa ofisi walimbandika jina la Mama Saa tangu akiwa mdadisi wa kawaida, mwenye kazi ya kuwahoji watu majumbani, na likamganda hata alipokuwa mkuu wa kitengo. Wapo wafanyakazi humu wanaoamini kwamba ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Aliombwa abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba, akakataa. Mkurugenzi alinituma mimi nikambembeleze, nikarudi mikono mitupu. Hapa nitaeleza kwa nini nilifurahi kushindwa.

Kwa wageni wetu: kitengo hiki hutafuta kujua watu wote walioajiriwa nchini, kwa ujumla wao, wamefanya kazi saa ngapi kwa mwaka, na jumla hiyo inaelekea wapi miaka inavyokwenda. Si kazi inayompa mtu umaarufu. Mama Saa mwenyewe husema akiieleza kwenye harusi, meza nzima hukumbuka ghafla kwamba ina kiu.

Alianza kwa kutembea nyumba hadi nyumba na dodoso mkononi. Wakati ule swali lilikuwa moja tu: wiki iliyopita ulifanya kazi saa ngapi? Karibu kila mtu alijibu arobaini, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Muuguzi aliyebaki wodini akimngoja mwenzake aliyechelewa zamu, arobaini. Karani aliyesinzia tangu mchana, arobaini. Mama Saa ndiye aliyeshikilia tuulize siku moja moja: Jumatatu uliingia saa ngapi, ukatoka saa ngapi, kisha Jumanne, mpaka wiki iishe. Wenzake walinung'unika kwamba watazeekea vibarazani mwa watu. Yeye akawashauri wanunue viatu vizuri. Ndivyo tunavyouliza hadi leo, na mtindo huo ulikuja kumrudia mwenyewe.

Halafu kuna grafu yake. Kila mwaka, takwimu zikishatoka, alibandika karatasi mpya kwenye ukuta wa korido na kuuendeleza mstari kwa mkono wake. Ulianzia mlangoni kwa mhasibu, ukakata kona, na sasa umefika chumba cha chai. Wapaka rangi walipokuja waliuzunguka, baada ya kutupiwa jicho mara moja tu na Mama Saa. Katikati ya mstari kuna bonde, mwaka ule viwanda vya nguo vilipofungwa. Mpaka leo akipita pale hupunguza mwendo. Aliniambia kwamba wafanyakazi wale aliwahoji mwenyewe, na baadhi yao aliwakuta wamekaa nyumbani wamevaa sare za kazi.

Yuko pia mwandishi wa habari ambaye kila mwaka humuuliza kama watu wamekuwa wavivu, maana saa za kila mmoja zinapungua. Mama Saa humjibu kwa subira ileile: mkijaza pipa kwa ndoo mkiwa kumi, kisha mkawa ishirini, pipa litajaa zaidi hata kama kila mmoja amepunguza safari. Jumla imepanda kwa sababu walioajiriwa wameongezeka. Fungu la mtu mmoja ndilo linaloshuka taratibu. Na humalizia kwa kumwambia kuwa mtu kuwahi kurudi nyumbani si ugonjwa. Akishamwaga hekima hiyo, yeye alikuwa akirudi mezani kwake mpaka mlinzi aje kumtikisia funguo.

Miaka mitatu iliyopita, kompyuta ilipochagua kaya za kuhojiwa, nyumba yake ikawamo. Kanuni hairuhusu mtu kujihoji, basi nikatumwa mimi. Majibu ya kaya ni siri. Haya nayasimulia kwa ruhusa yake, na jumla ya saa zake sitaitaja. Alinipokea kana kwamba hanijui, akadai kitambulisho changu, akanikaribisha sebuleni. Katika chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alikuwa akishona.

Nilianza na Jumatatu. Alisema alitoka kazini saa kumi na moja. Cherehani ikanyamaza. Mama Saa akakohoa, akasahihisha: saa moja usiku. Cherehani ikaendelea. Jumanne vilevile. Jumatano alijaribu kutaja saa kumi na mbili na nusu, kama mtu anayepatana bei sokoni, lakini Fundi hakushusha. Tulipofika Ijumaa hakuwa hata anajaribu. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo nisicheke.

Jumamosi akasema hakufanya kazi. Kimya. Akakumbuka mafaili aliyoyaleta nyumbani, akataja saa mbili. Bado kimya. Akaongeza moja. Kimya. Ndipo akainuka kwenda kumwona mumewe, nami nikaona kupitia mlangoni. Safari hii Fundi hakuwa akimsahihisha. Uzi ulikuwa umekatika, na macho yake hayakuweza tena kuliona tundu la sindano. Alikuwa ameweka mikono mapajani, akisubiri tumalize mazungumzo.

Mama Saa akamtungia uzi. Siku ile ndipo nilipojua utaratibu wa nyumba yao. Kila asubuhi kabla ya kutoka alimtungia sindano za mkono, za uzi mweusi, mweupe na wa rangi nyingine, akazichomeka kwenye kimto. Zikiisha, au uzi wa cherehani ukikatika, Fundi alikaa tu mpaka mkewe arudi. Hakuwahi kumlalamikia. Mama Saa aliporudi kwenye kiti alilitazama dodoso langu, akaniuliza saa za anayesubiri zinaandikwa safu ipi. Jibu alilijua kuliko mimi, kwa kuwa dodoso alilitunga mwenyewe. Safu hiyo haipo. Akaniambia basi tuendelee na Jumapili.

Tangu hapo alijitahidi kuwahi kutoka, ingawa kazi nayo ilimvuta. Macho ya Fundi hayakungoja. Kwa hiyo nilipokwenda na ule mkataba wa miaka miwili, na maneno matamu niliyofundishwa na Mkurugenzi, alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema kule nyumbani uzi hukatika mchana. Nilikunywa chai yangu, nikairudisha karatasi ikiwa haina sahihi.

Mama Saa, asante kwa kutufundisha kuuliza siku moja moja, na kwa kuwaheshimu watu walio nyuma ya kila tarakimu. Tunakupenda, na tutakukosa sana kila asubuhi. Mstari wa ukutani tutauendeleza. Chumba cha chai kina kuta nne. Nyumba yako ikichaguliwa tena, atakuja mmoja wetu na kitambulisho chake, na wewe utajibu kwamba wiki nzima hukufanya kazi hata saa moja. Tutaliandika jibu hilo bila kuuliza mara mbili, kwa sababu tutakuwa tunaisikia cherehani ya Fundi ikienda, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, bila kunyamaza.