Seli za Fortunée Mulenda Zilizobaki Lilongwe

Wachungaji wetu, majirani wa hapa kambini Dzaleka, wageni mliotoka Lilongwe, na ninyi nyote mliokuja kutusaidia kubeba jambo hili, haya ndiyo maisha ya binti yetu kama familia inavyoyajua, yanasomwa na mdogo wake, Cadeau, kwa niaba ya mama yao mzazi, Mama Louise, ambaye amekaa hapa mbele, na ambaye tangu Jumatatu hajaelewa ni nini kimempata.

Fortunée Mulenda alizaliwa Bukavu, katika komini ya Kadutu, tarehe 14 Machi 1989, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mulenda Christian, fundi wa umeme, na Mama Louise, aliyeuza vitenge sokoni. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kadutu, akaendelea na sekondari katika seksio ya biolojia na kemia, akapata diploma ya serikali mwaka 2007, na mwaka 2012 akamaliza lisansi, yaani shahada, ya biolojia. Mama Louise anasimulia kwamba mtoto huyu alichosha watu kwa maswali, na kwamba siku Cadeau alipoungua mguu kwa chai, wakati wengine wanakimbia kutafuta maji baridi, yeye alikuwa ameinama juu ya ule mguu anauliza, "Mama, nani njo ameambia ngozi ivimbe?" Mama alimfukuza kwa mwiko.

Mwaka 2014, baada ya nyumba kuvamiwa na baba kuuawa, Mama Louise alitoka Bukavu na watoto wake wawili, wakapita Tanzania, wakaingia Malawi kwa Karonga, wakafika Dzaleka tarehe 9 Septemba. Fortunée alianza kufundisha sayansi katika shule moja ya hapa kambini, na hapo ndipo alipokutana na Nahayo Télesphore, Mrundi wa Ruyigi, fundi cherehani, aliyekuja kupima wanafunzi sare, akarudi kuwapima mara nyingi kuliko sare zilivyohitaji. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Agosti 2017, na Mungu akawapa watoto wawili, Igiraneza, aliyezaliwa mwaka 2018, na Amanda, aliyezaliwa mwaka 2022, wote kwa upasuaji.

Mwaka 2020 alipata kibali na kazi katika maabara moja ya utafiti wa ngozi mjini Lilongwe, familia ikahamia huko, mtaa wa Area 36. Kazi yake tunaieleza kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkiuliza. Mtu akifanyiwa upasuaji, kipande cha ngozi ambacho kingetupwa, mwenyewe akikubali, kinapelekwa maabara, seli zake zinatenganishwa, zinawekwa katika kisahani chenye maji ya lishe, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili, nazo zinakula, zinagawanyika, zinaenea mpaka zinafunika kisahani chote. Halafu zinachokozwa kwa kitu kinachowasha, ili ionekane zinatoa ishara gani za kuita uvimbe na wekundu, na dawa gani inazituliza. Seli hizo hazijui Jumapili, zinataka kubadilishiwa maji, na Mama Louise alipomwona binti yake anatoka ibada kabla ya baraka, alikuwa anamwuliza, "Unaenda kulisha kuku zako?" Naye anacheka, "Njo hivyo, mama, zikilala njaa zinakufa." Hata mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa mjini waliporudishwa kambini, hakuacha kazi, alipanda basi dogo alfajiri, akarudi jioni, na majirani wa hapa ni mashahidi.

Katikati ya mwezi wa tano mwaka huu wa 2025 alipata kikohozi kilichokataa kupona, akaanza vidonge vya antibiotiki, dawa ambayo karibu kila mmoja aliyekaa hapa amewahi kuimeza, na yeye aliimeza bila kuifikiria. Jumatatu tarehe 26 aliamka na homa, macho mekundu. Jumanne mabaka yakatoka kifuani na vidonda mdomoni. Alisimama mbele ya kioo cha karakana ya mume wake, akabonyeza kwa kidole pembeni ya baka moja, na ngozi ikateleza. Télesphore anasimulia kwamba alimwambia bila kupaza sauti, "Tafuta gari. Ni ile dawa." Alijua kabla ya daktari yeyote, na kujua hakukumsaidia.

Alilazwa Lilongwe usiku uleule, akahudumiwa kama mtu aliyeungua moto, maana mwili wake ulikuwa umeikataa ile dawa na ngozi inaachia, na madaktari walifanya kila walichoweza. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Juni, Mama Louise alikuwa ametoka kuchukua uji, akarudi akakuta kitanda kimezungushiwa pazia, akauliza wauguzi, "Nani amefunga rido?" na mmoja wao akamshika mkono. Fortunée alikuwa ameshafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Aliyetumia miaka mitano kuchunguza kwa nini ngozi ya mtu inawaka, ngozi yake mwenyewe iliwaka, ikamwondoa, kwa sababu ya kikohozi, na familia imelisema jambo hili mara nyingi wiki hii, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, na bado halijakaa vichwani mwetu.

Ndugu waombolezaji, tulidhani hapo ndipo mwisho wa habari. Jumanne tarehe 3, mkubwa wa kazi wa Fortunée, Daktari Tiyamike Ngwira, alikuja hapa msibani, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na wamama, akatoa pole kwa Kichewa, Cadeau akitafsiri, kisha akamwambia Mama Louise, "Amayi, kuna jambo sitaki mlisikie kwa mtu mwingine. Amanda alipozaliwa, Fortunée alituruhusu kuchukua kipande cha ngozi pembeni ya kovu la upasuaji wa kwanza. Seli zake tunazo. Ziko hai."

Mama Louise alimgeukia Cadeau, akidhani ametafsiri vibaya. "Anasema nini?"

"Anasema seli za dada Fortunée ziko hai, mama."

"Ziko hai namna gani? Mwenyewe iko mochari!" Akamwelekea Daktari Ngwira. "We daktari, mtoto wangu amekufa ao hajakufa?"

"Amekufa, Amayi."

"Sasa mbona unaniambia iko hai?"

Télesphore ndiye aliyejibu, akiangalia chini, "Aliniambia, mama, siku ile ya Amanda. Alikuwa anacheka, akasema amejiweka mwenyewe kwenye kisahani. Mi nilisahau." Mama alimtazama mkwe wake kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Minong'ono ikaanza, wengine wakisema ni uchawi wa wasomi, wengine wakisema huwezi kumzika mtu nusu, na Mama Louise akasimama, akasema, "Munipeleke. Nitamubeba mwenyewe."

Jumatano tarehe 4 alikwenda Lilongwe na Cadeau na Télesphore, amekunja kitenge kipya mkononi cha kumfungia binti yake. Alivalishwa koti jeupe, akaonyeshwa kabati, kisahani kikatolewa, kikawekwa chini ya darubini, akainama. Alikaa hapo muda mrefu. Alitarajia damu, au nyama, na aliona tu vitu vidogo visivyo na rangi, vimebanana, kila kimoja kimeegemea chenzake.

"Hizi hazikuumwa?" aliuliza.

"Hapana," Daktari Ngwira alijibu, "zilitoka kwake akiwa mzima. Tukiziwekea dawa ile, huenda tukaona kwa nini ngozi yake iliikataa, na hilo linaweza kuwasaidia watoto wake, maana ni damu yake. Na huenda tusione kitu, Amayi. Siwezi kukudanganya."

"Dawa ile ile iliyomuua, mutaiweka juu yake tena?"

Daktari Ngwira alivua miwani. "Ndiyo," alisema.

"Atasikia?"

"Hapana. Hakuna kitu ndani ya seli cha kusikia maumivu."

Cadeau alipomaliza kutafsiri, Mama Louise alisogea mpaka ukutani, akajiegemeza, na Télesphore akaanza kumwambia kwamba wazibebe tu, waondoke, mambo yaishe. Mama akamkatiza. "Angekuwa hapa angesema nini?"

"Angesema muziache," Télesphore alijibu, akalia.

"Mi sikubali," alisema Mama Louise. "Mumusikie vizuri huyu daktari, na yeye anisikie, mi sikubali. Ila si zangu, ni zake, na yeye alishakubali." Akauliza seli zitaishi mpaka lini, akaambiwa kwamba haziishi milele, kwamba nazo zinazeeka, zinapunguza kugawanyika, mwishowe zinasimama. "Basi zikisimama, musizitupe na takataka zenu. Mutuite." Daktari Ngwira aliahidi, mbele ya wafanyakazi wenzake wote.

Kwa hiyo leo, Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, jeneza hili lina mwili wa Fortunée, lakini si wote, na familia inawaomba msishangae siku tutakapowaita tena makaburini, kwa kitu kidogo kitakachoenea katika kiganja cha mkono. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama na mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wachungaji na kwaya, majirani Wakongo, Warundi na Wamalawi mliopika nsima, ugali wa hapa, na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao asubuhi ya leo, kabla ya kuja hapa, walipita kwanza kubadilisha maji. Zikomo kwambiri, asanteni sana.

Fortunée, mwili wako tunaulaza hapa, ulale kwa amani ya Bwana, na sehemu yako iliyobaki kazini, ikimaliza, mama yako atakuja kuichukua.