Eudelia Barraza Montijo, Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya dada yangu, Eudelia, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1957 hapa Calexico, California, mtoto wa kwanza wa wavuna letusi, akasoma shule za hapahapa, akahitimu shahada ya ushauri wa wanafunzi mjini San Diego mwaka 1980, na tarehe 11 Juni 1983 akafunga ndoa na Rosendo Montijo, dereva wa malori, wakajaliwa binti mmoja, Leticia.

Kuanzia 1985 alikuwa mshauri katika chuo cha jamii cha Palo Seco, kazi yake ikiwa kuwavusha vijana wetu, baada ya miaka miwili pale, waende vyuo vikuu kusomea uhandisi, na aliifanya kwa namna ambayo mpaka leo inaniacha mdomo wazi. Januari 2009 somo la michoro ya uhandisi lilipata wanafunzi kumi na wanne, na kanuni ilitaka kumi na tano, la sivyo linafutwa, na bila somo hilo hakuna chuo kikuu ambacho kingewapokea. Dada, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, asiyeweza kuchora hata yai, akajiandikisha mwenyewe. Vijana wakamtania, "Mama, wewe ndiye unayetushushia wastani!" naye akawajibu, "Nyamazeni, bila mimi mngekuwa nyumbani mnatazama televisheni."

Alifaulu, kwa shida. Na kwa kuwa aliyefaulu somo haruhusiwi kulirudia, kila mara alijaza pengo la somo jingine, hesabu, kemia, fizikia, hata baada ya kustaafu, mpaka masomo yakamwishia. Jamani, huyu alikuwa mtu wa namna gani?

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari mwaka huu, akiwa kitandani, alisikia kwamba somo la kompyuta limepungukiwa na mtu mmoja, akalia, kwa sababu hilo alikwisha kulifaulu. Ndipo shemeji yangu Rosendo, ambaye hata simu humshinda, akavaa kofia yake akaenda kujiandikisha. Dada alicheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Keti mbele, mzee, na usithubutu kuacha." Alituaga Jumanne tarehe 6 Februari 2024, nyumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea tamale, ile mikate yetu ya mahindi, na kahawa bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa chuo, akiwemo mwalimu wa kompyuta, ambaye familia inamwomba radhi kwamba Rosendo amekosa kipindi cha leo.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Kesho asubuhi darasa lipo.