Zaburi Aliyoisoma Mchungaji Kitenge Ukingoni mwa Shimo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kolwezi na mlioko Fungurume, acheni shughuli kidogo. Mchungaji Barnabé Kitenge amefariki. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na saba.

Wengi mlimjua kwa darasa lake la theolojia la kila Jumamosi. Wachache mnajua lilitoka wapi. Lilitoka shimoni.

Miaka kumi iliyopita, Kitenge hakuwa amesomea uchungaji. Alikuwa na Biblia na sauti, na hapa kwetu hivyo vinatosha kumfanya mtu nabii. Wachimbaji wa madini walimwita abariki shimo lao jipya, kama ilivyo desturi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mpoyi, mmoja wa wachimbaji na mwimbaji wa kwaya yake, alimwonyesha ufa ukingoni. "Pasta, tushuke kweli?" Kitenge akamwaga mafuta, akasoma Zaburi ya tisini na moja: malaika watakuchukua mikononi mwao. Akasema kuogopa ni kukosa imani. Walishuka watano, Mpoyi akiwa mmoja wao. Udongo ukaporomoka. Hakutoka hata mmoja.

Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Yeye hakutulia. Akaenda Lubumbashi kusoma. Mkewe, Mama Charlotte, anaikumbuka simu ya mwaka wa kwanza, siku walipokuwa wakisoma Mathayo mlango wa nne: "Alikuwa analia. Banasoma Mathayo ine. Anasema, 'Charlotte, ile maneno nilibapaka, njo ile shetani alimwambiaka Yesu ajitupe chini. Na Yesu alikatalaka.'"

Maneno yaleyale ya Zaburi aliyowapa wachimbaji, wasikilizaji, ndiyo shetani aliyomwambia Yesu ajitupe chini. Yalikuwa ndani ya Biblia yake miaka yote.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alirudi, akapiga magoti mbele ya Mama Mbelu, mjane wa Mpoyi, akamweleza yote, akaomba msamaha. Mama Mbelu alimjibu: "Tata, fundisha kwanza bale bapasta bengine." Ndipo darasa likaanza, la kuwafundisha wachungaji wengine. Lakini mvua ikigonga mabati, Kitenge alikatiza somo, akasimama mlangoni akitazama nje, kana kwamba kuna watu wanamwita. Wanafunzi walizoea kumngoja.

Jana, matangani, nilimuuliza Mama Mbelu kama alimsamehe.

"Bado," alisema. "Kila samedi, siku ya darasa, nilikuwa naikala ku banc ya mbele, namuangalia. Alikuwa anafundisha muzuri. Nilikuwa nataka kumusamehe ku Pasaka, nimwambie. Sasa nitaambia nani?"

Pole, Mama Charlotte na watoto. Pole nawe, Mama Mbelu. Nasi tunaopenda kumwambia mtu "Bwana amesema", tunyamaze kwanza, tusome mlango mzima, tuwaulize waliosoma. Maana yuko atakayetuamini, ashuke shimoni.