Mzee Kisu Anaondoka na Mkono Wake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa herufi, Mzee Kisu, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne. Uongozi umeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Kwa wale wanaofika karakana siku ya kupiga picha tu: herufi nene za kubandikwa kwenye kuta za mapokezi hukatwa kwa mkono kutoka kwenye povu gumu, lile jeupe linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi. Mzee huchora, hushika kisu chembamba na kukata mkunjo mzima bila kusita. Ukisita katikati, ukingo unapata kovu, na rangi hailifichi, hulitangaza. Mimi ndiye ninayempakia herufi hizo rangi, mwaka wa kumi na nane sasa. Makovu niliyoyaona hayafiki matano.

Mwaka juzi meneja, kwa hekima ambayo hakuna aliyeiomba, alinunua rangi ya kupuliza ya bei poa. Mzee alimweleza taratibu kwamba rangi ile hula povu. Akaambiwa aache mambo ya kizamani. Kesho yake maneno KLINIKI YA MENO yalikuwa yametoboka na kuoza kama meno ya wagonjwa wenyewe. Mzee akazikata upya herufi zote kumi na tatu kwa siku moja. Ripoti ya mwaka ikaiita kazi hiyo tunda la uongozi shirikishi.

Kisha ikaja mashine. Inakata vizuri, sikatai, ilimradi herufi isizidi unene wa kidole. Ikizidi hapo inatafuna povu na kutapika vipunje hadi ofisi ya uhasibu.

Mzee aliomba kitu kimoja tu. Kwa barua saba aliomba apewe mtu wa kumfundisha kabla hajaondoka. Alijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na limefanyiwa kazi miaka tisa. Wiki iliyopita ndipo meneja alipokurupuka kumtaka aandike mwongozo wa kurasa mbili. Mzee akamjibu kwa upole, "Bwana meneja, hii kazi huisomi. Unakaa, unakata, unaharibu, unakata tena."

Hata zile herufi za ASANTE mtakazoziona juu ya meza kuu kwenye sherehe ya kumuaga amezikata mwenyewe. Hakukuwa na mwingine wa kuzikata. Aibu hiyo ni yetu, tuile pamoja na keki.

Nami simo nje. Nimekaa meza ya pili kutoka kwako miaka yote hiyo, Mzee wangu, na sikuwahi kukuomba kisu. Nilikuwa nasubiri barua ya uongozi, mjinga mimi. Asante kwa kila ukingo ulionipa. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu watiifu. Pumzika siku zote isipokuwa Jumamosi: nakuja kwako na povu langu na kisu kipya. Nitaharibu sana. Mkeo ameshakubali, mradi nifagie mwenyewe.