Mzee Yonatani Rwakabuba (1938–2014), Aliyepima Mvua ya Bondeni na ya Mlimani

Mvua ilipokatika, Mzee Yonatani Rwakabuba hakukaa kula wala kusalimu mgeni kabla hajachukua rula na kwenda kupima maji yaliyoingia katika makopo yake. Moja lilikuwa bondeni karibu na ziwa, moja katikati ya mteremko, moja juu kabisa. Aliandika vipimo hivyo kwa miaka kumi na sita.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini. Utotoni alishusha ng'ombe hadi bonde la Ruzizi: aliondoka nyumbani akikanyaga matope, na baada ya siku mbili za mguu alikuwa akikanyaga vumbi.

Alimaliza darasa la sita katika shule ya misheni mwaka 1953, kisha akasomea umonitere wa kilimo, yaani kazi ya kuwaelekeza wakulima, huko Uvira. Huko alielezwa sababu ya lile vumbi. Hewa yenye unyevu ikipanda mlima hupoa na kuangusha maji; ikishuka upande wa pili huwa imekauka. Aliwafundisha wakulima jambo hilo hadi vita vya 1996.

Mwaka 1963 alimwoa Yudita Mukashema, aliyetutangulia mwaka 2006. Mama alizoea kusema kwamba mumewe humtazama yeye mara moja kwa siku, na mawingu mara kumi.

Walivuka mpaka, wakafika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwishoni mwa 1996, wakapewa kiwanja bondeni, upande wa Kabazana. Septemba 1998 Mzee aliona mawingu yamekaa juu ya vilima vya Rugaaga, akaziambia familia kumi na moja za majirani zipande mbegu zote za maharage. Benon Twinomujuni, mfugaji wa Endiinzi, alimcheka: "Muzee, ile wingu si yako. Ile iko ya watu ya mulima." Mvua ilinyesha vilimani. Bondeni maharage yalikauka, na familia zile zikabaki bila mbegu. Jirani yetu mjane, Nyiransengimana, alimwuliza mbele ya kanisa kama bado anadhani yuko Itombwe.  Mzee alikiri kwamba kanuni aliijua, ila hakujiuliza amesimama kwenye kimo gani. Juma lile lile aliweka makopo.

Mwaka 2001 alipewa shamba la juu. Alijiachia matuta mawili, sehemu iliyobaki akazigawia familia zile kumi na moja. Nyiransengimana alikuwa wa kwanza kulima, ingawa hadi leo humwita Monitere wa Vumbi.

Januari 2014 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Mbarara, akiishi kwa binti yake Miriamu, anayesoma haya, na huko alifariki Jumapili tarehe 17 Agosti. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na saba na dada yake Apolline. Udongo umpokee kwa upole, naye apumzike.

Sisi watoto tulikuwa tumekubaliana kumzika kule juu shambani, mahali alipopapenda. Jumamosi, siku moja kabla hajafariki, alimwuliza Miriamu wamemchagulia wapi. Alipoambiwa, alitikisa kichwa. Ndiyo sababu leo tumesimama huku bondeni.

"Hapana, Miriamu. Muniweke chini, fasi mvua inafikaka kwa shida. Kule juu muache batu balime."