Tochi ya Mwalimu Mwanakhamis Rajab Matano (1964–2025)

Marehemu Mwalimu Mwanakhamis alizaliwa Micheweni tarehe 14 Aprili 1964, mtoto wa kwanza wa Mzee Rajab Matano na Bi Asma Nyange. Alianza chuoni kwa Kurani, akasoma skuli ya msingi hapo hapo, na sekondari akaimalizia Wete.

Mwaka 1986 alianza kusomesha karibu na Konde. Mwaka 2011 madarasa yalipigwa dawa ya mende, na watoto walioingia asubuhi yake wakabanwa na vifua. Mwalimu hakukaa kulaumu. Alichukua tochi akatafuta wadudu wanakotokea, akawashika wazazi wakaziba matundu kwa saruji, wakakausha madimbwi na kufunika mapipa ya taka. Dawa ikawa ya mwisho, kidogo, pale panapohitaji tu, watoto wakiwa likizo. Kisha akahamia majumbani, na watu wakamwita Bi Tochi. Kwenye harusi moja Konde alikutwa jikoni, leso mpya kiunoni, amepiga magoti nyuma ya kabati.

"Mie n'shasema," aliwaambia wapishi, "mende hafuati mtu, hufuata makombo."

Mwaka 1988 aliolewa na marehemu Jaribu Hamad, wakajaaliwa watoto watatu. Mumewe alipofariki mwaka 2015, alihamia kwa mdogo wake Mmanga, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu leo kwenye hitma. Mmanga alimcheka kuliko wote. Kila alipoonyeshwa tundu chini ya sinki la jikoni, jibu lake lilikuwa, "Kesho, dada."

Tangu 2022 marehemu alisumbuliwa na pumu. Januari mwaka huu alilazwa Chake Chake. Siku ya kuruhusiwa, Mmanga alitaka mgonjwa apokewe kwenye nyumba safi, kama ilivyo desturi. Akaona mende wawili. Akapiga dawa vyumba vyote, akafunga madirisha ili ikolee.

Marehemu aliingia, akakohoa, akashika mlango. Hakugomba.

"Mmanga, tundu hujaliziba?"

Alirudishwa hospitali siku ile ile, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025 akafariki. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamechoka zamani. Mmanga amesikia, lakini hajatulia. Anajuta, na ameomba iandikwe hivyo.

Ameacha watoto watatu, Nahla, Ruweida na Abdulnasir, wajukuu watano, na mdogo wake Mmanga, ambaye jana, kabla wapishi wa hitma hawajaingia jikoni, aliwasha tochi ya dada yake, akapiga magoti, akaliziba tundu.

Mola amlaze penye nafasi na hewa njema, asitaabike kuvuta pumzi tena. Amin.